Daraja la Mama wa Mapasa

Daktari wetu alivua kofia mbele ya daraja. Aliniambia mwenyewe, wala hakuona haya. Ilikuwa katika chumba chake kidogo pale maternite, hospitali ya uzazi ya wafanyakazi wa reli, hapa Kamina, miaka ile ya hamsini nilipokuwa msaidizi wa wakunga. Picha ya daraja hilo ilitundikwa ukutani, juu ya beseni la kunawia, nami nilikuwa nimeipangusa vumbi mara nyingi bila kuuliza. Siku hiyo mvua ilitufungia ndani, hakuna mama aliyeshikwa na uchungu, nikauliza.

Akasema ni Ujapani. Zamani, kabla ya vita, alikuwa daktari wa meli. Meli ilipotia nanga kule alipanda treni mpaka mji mmoja wa milimani, kisha akatembea kwa miguu mpaka mtoni ili alione daraja ambalo watu walikuwa wamemsifia. Ni la mbao, jekundu, limepinda mgongo kidogo, na chini yake maji yanapiga mawe makubwa. Mtu wa kawaida hakulikanyaga. Lilikuwa la mfalme na wajumbe wake wanaokwenda kusali. Wengine wote walipita daraja jingine lililojengwa kandokando, pamoja na magari, hata na treni ndogo ya umeme. Akanieleza na mwanzo wake: mtawa mmoja wa kale alifika ukingoni akashindwa kuvuka, akasali, nyoka wawili wakajinyoosha toka ng'ambo hii hadi ile, majani yakaota juu ya migongo yao, mtawa akapita. Alisimulia kwa sauti ya upole, kama masista wanavyosimulia habari za watakatifu. Kwetu mtoto akisimulia nyoka wa namna hiyo shuleni alipigwa fimbo.

"Na wewe, Daktari, ulipita juu yake?"

"Mimi? Hapana," akasema, karibu akasirike. "Nilisimama ukingoni nikavua kofia."

Nikamuuliza, je, likianguka? Akasema maji yaliwahi kulichukua, wakalijenga tena vilevile, kwa vipimo vilevile. Wale ni watu wenye adabu, akasema, wanajua kutunza vitu vya wakubwa wao.

Nilichukua sinia ya makasi nikaenda kuyachemsha, ingawa yalikuwa yamekwisha chemshwa asubuhi.  Sikuwa na ugomvi na daktari. Alikuwa mtu mwema, na alipofika Kamina daraja letu lilikuwa limekwisha toweka zamani. Lakini nilisimama mbele ya sufuria ile nikiwa na hasira ambayo sijui niliiweka wapi miaka yote ile, maana sisi pia tulikuwa nalo.

Letu halikuwa jekundu. Lilisukwa kwa kamba za mwituni, toka mti mmoja hadi mwingine, juu ya mto wa kwao mama, upande ambao mtu akitoka Kamina hulala njiani kabla hajafika. Ukoo wa mama ndio walioshika kazi ya kulisuka. Kila kiangazi walikata kamba mpya, wakaziloweka, wakaondoa zilizochoka na kuingiza nyingine, hivi kwamba daraja halikuwa jipya wala halikuzeeka. Kaka mkubwa wa mama, mjomba wangu, ndiye aliyesimamia wasukaji. Watu wote walivuka mto chini kidogo, penye maji haba, nguo zimepandishwa mapajani na mizigo kichwani. Juu ya kamba walipita watu wa aina mbili tu. Alipita chifu, siku ya kukalishwa kitini. Na alipita mama wa mapasa, yaani mama aliyezaa pacha.

Kwetu pacha si watoto hivihivi. Wanatoka kwa mizimu, kama uchifu unavyotoka, na wazazi wao hawaitwi tena kwa majina yao. Baba yangu aliitwa Baba ya Mapasa, na mama Mama ya Mapasa, hata na wazee waliowazidi umri. Nami ndiye mmoja wa hao mapasa. Mwenzangu, mvulana, alikufa kwa homa kabla hatujajua kutembea.

Pacha akifa haliliwi. Wanasema amerudi, basi. Mama anachongewa kinyago kidogo cha mti, na kinyago hicho kinaogeshwa pamoja na mtoto aliyebaki, kinapakwa mafuta, kinawekewa tonge la bukari, ugali wetu, na kipande cha samaki. Nilikua naye hivyo, huyo ndugu yangu wa mti. Nilikuwa namwonea wivu kidogo, kwa sababu hakutumwa maji na samaki wake alikuwa hamalizi. Mwenye kuonja uchungu ni mama. Hana ruhusa ya kutoa chozi mpaka mtoto aliyebaki atakapong'oka jino la kwanza. Hapo anakwenda darajani, mtoto aliye hai mgongoni, kinyago kifuani, anavuka. Kule ng'ambo anakitundika kinyago mtini. Kisha anarudi na mtoto mmoja, na anaporudi, katikati ya mto, juu ya zile kamba, analia. Analia anavyotaka, kwa sauti anayotaka, na watu walioko chini majini wanasimama wanamngoja amalize.

Na kabla ya hapo hamlilii mtu mwingine yeyote. Akimlilia mwingine amemruka mtoto wake mwenyewe, na yule aliyebaki anaweza kumfuata mwenzake. Kwa hiyo mama alikuwa ananilinda mimi. Nyanya yangu, mama yake mzazi, aliyehamia Kamina zamani, alipofariki, mama alikaa matangani macho makavu. Wanawake wa kambi ya reli, ambao wengi walitoka mbali na hawakujua mambo yetu, walimsema mchana kutwa. Roho ya jiwe, walisema. Alirudi nyumbani akatwanga sombe, majani ya muhogo, mpaka ikawa uji. Nilimuuliza kama anaumwa. Akaniambia, "Weye, ng'oka meno."

Nilijitahidi kwa kweli. Nilikuwa natafuna mihogo mibichi nikitikisa meno kwa ulimi kila saa.

Baba alikuwa mtu wa reli, kikosi cha madaraja. Alikuwa amebatizwa karibuni, akawa anashika imani kama mtu aliyeshika ukingo wa mtumbwi, na padri alipotutembelea yeye ndiye aliyekisukuma kinyago chini ya kitanda kwa mguu. Mama alikwenda misa vilevile, akaimba vizuri, akarudi akakitoa kinyago chini ya kitanda akakipangusa. Hawakugombana juu ya hilo. Kila mama alipotaja safari ya darajani, baba alisema kiangazi kijacho, na mama alikuwa hajafika kwao tangu atuzae. Alikuwa amekwisha pandishwa cheo kuwa kapita, msimamizi wa wenzake, na kazi, alisema, haimpi nafasi.

Basi jino likang'oka. Mama hakungoja kiangazi cha mtu. Alishindilia unga kwenye kapu, akafunga samaki wakavu wa Bukama, akakivalisha kinyago ushanga, akamwambia baba kesho tunakwenda, uje au usije. Nilitegemea baba akatae. Akaenda kuomba ruhusa kazini, akaja nasi.

Alitangulia mbele njia nzima, kapu la unga begani. Nilikuwa sijamwona baba akibeba unga. Nyasi zilikuwa zimechomwa pande zote, na masizi yakatupaka miguu. Mama alikuwa na furaha. Ndiyo, nasema furaha, kwa kuwa sina neno lingine. Alikuwa kama mwenye kiu anayesikia mto. Alinieleza nitakavyomshika shingo na nisitazame chini, na kwamba akianza kulia nisiogope wala nisimwambie basi. Baba kila tulipopumzika alizungumza habari za barabara. Barabara sasa ilikuwa nzuri, alisema, imepanuliwa, kamyo, yaani malori, zinapita na mahindi mpaka gare, stesheni ya treni. Mama akajibu mm. Baba akarudia kwamba barabara ni nzuri sana. Leo nikikumbuka naona kwamba alikuwa anajaribu kusema, na kwamba aliridhika na kujaribu.

Tulifika jua likiwa bado kali. Pale penye maji haba palikuwa na daraja pana la magogo na mbao, limefungwa kwa bolti za reli. Mbuzi walikuwa wanapita. Juu yake kidogo miti miwili ilisimama kila mmoja ng'ambo yake, na kwenye kila mti zilining'inia kamba fupi, zimekauka, zimekatwa sawasawa. Kati ya mti na mti hapakuwa na kitu.

Mama aliangalia kwanza mti wa huku, kisha wa kule, kama mtu anayedhani amekosea njia.

Mjomba alikuwa ameketi chini ya paa dogo la nyasi pale ukingoni, anasuka mitego ya samaki, kazi aliyobaki nayo. Alinyanyuka akapiga makofi ya heshima ya mama wa mapasa, kama desturi, na hakumsalimu baba.

"Yaya," mama akamwambia kaka yake, "daraja ilienda wapi?"

"Umuulize bwana yako."

Baba alitua kapu la unga. Akalisimamisha vizuri, likalala, akalisimamisha tena. Mjomba ndiye aliyesema kwa niaba yake. Ilikuwa wakati wa kutengeneza barabara, mimi nikiwa bado nanyonya. Mzungu wa barabara aliazima kikosi cha reli kije kijenge daraja la kamyo, akaamuru na hili la kamba likatwe, kwa sababu aliliona ni hatari na padri aliliona ni la ushetani.

"Balipanga bantu mustari," mjomba akasema. "Aliita moja, akakatala. Aliita mwingine, akakatala. Bote balisema mwenye kukata ile kamba atakufa. Njo huyu alitoka kwa mustari. Alisema, minyi niko baba ya mapasa, haiwezi kuniuwa."

Ni kweli, kamba haikumuua baba. Hilo ndilo lililonichukiza tangu siku ile mpaka leo. Aliamini. Kama angekuwa hana imani na mambo ya kwetu ningeweza kumsamehe, mtu hakujua akakata. Lakini yeye alijua daraja lina nguvu, na alijua kwamba kati ya wanaume wote wa mstari ule ni yeye peke yake ambaye daraja lisingeweza kumgusa, kwa sababu ya sisi watoto wake wawili na tumbo la mama. Heshima tuliyompa ndiyo aliyoifanya panga. Wiki zilizofuata wakamfanya kapita.

"Mwingine angekufa," baba akasema. Alisema polepole, akimtazama mama. "Nilisema ni afazali minyi. Juu mwingine angekufa."

"Na minyi?" mama akauliza.

 Baba akafanya alichojua kufanya. Alikwenda juu ya lile daraja la mbao, akapiga mguu chini mara kadhaa, akashika bolti moja akaitikisa ili tuone haitikisiki. "Hii iko na nguvu kupita ile," akasema. "Minyi mwenyewe nilifunga. Beba mutoto, upite. Mayi njo ile ile," akaelekeza kidole mtoni.

Nadhani ndiyo aliyokuwa ameitegemea njia nzima. Kwamba mama atafika, ataona kazi yake ilivyo imara, atavuka juu ya mbao, atalia, na mambo yatakwisha. Fundi wa madaraja, alidhani daraja ni kitu cha kukufikisha ng'ambo.

Mama alinipandisha mgongoni. Akakiweka kinyago kifuani. Nilimshika shingo kama alivyonifundisha, nikafumba macho, na moyo wake nikausikia mgongoni mwake. Alikwenda mpaka mwanzo wa mbao. Pale akasimama. Nyuma yetu kijana akapiga kengele ya baisikeli, mama akasogea pembeni, kijana akapita na mzigo wake wa mkaa. Kisha mwanamke mwenye kuku. Kisha ikasikika kamyo, tukateremka kabisa kando ya barabara, ikapita na vumbi lake, mbao zikapiga kelele.

"Hapa panapita kila kitu," mama akasema. "Kule ng'ambo batajua namna gani ni minyi?"

Mjomba akainamisha kichwa. Alikuwa mtu wa kusuka, angeweza kusuka tena. Mama alimuuliza. Akasema wamemkataza, chifu alikwisha onywa, na vijana waliojua kazi wamekwenda migodini au kwenye reli. Peke yake hawezi hata kuvuta kamba moja toka mti hadi mti.

Tulilala kwake, asubuhi tukarudi Kamina na kinyago. Njiani mama aliniuliza kama nina kiu, basi. Na tangu siku hiyo hakumwita tena baba kwa jina lake la heshima. Alimwita Kapita, kama wafanyakazi wake. Kapita, chakula iko tayari. Kapita, watoto wanakuita. Kwa maana waliendelea kuzaa, na nyumba ilikuwa safi, na baba hakulala njaa hata siku moja. Watu waliona ndoa nzuri.

Kiangazi kimoja baba alirudi na toroli la reli likiwa na kamba za mwituni. Alizivuta juu ya mfereji wa maji machafu nyuma ya nyumba yetu kambini, akazifunga kila upande kwa nguzo na bolti, kwa sababu mafundo hakuyajua. Lilikuwa jambo la kuchekesha, na majirani walikuja kucheka. Daraja lenyewe lilifika hadi magoti ya mtu. Alimaliza, akafuta jasho, akasimama anangoja. Mama akatoka na beseni la maji ya kuoshea vyombo, akayamwaga mferejini, akarudi ndani. Kamba zilikaa pale mpaka ajenti wa usafi wa kambi alipoamuru ziondolewe, na baba akazikata kwa mara ya pili.

Jioni ya ile siku ya daktari na picha yake, nilikwenda kwa wazazi wangu. Nilikuwa nimeolewa tayari, nina nyumba yangu, lakini miguu ilinipeleka kule. Baba alikuwa amestaafu na kifua kilimsumbua. Aliketi mlangoni na blanketi. Mama alikuwa anamenya karanga. Niliwasimulia yote: daraja jekundu, mfalme, nyoka, daktari na kofia yake.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, vidole vikiendelea na karanga. Kisha akauliza, "Na mama ya mapasa, banamuacha apite?"

"Sijui, mama. Hakusema."

"Umuulize."

Kesho yake nikamuuliza. Daktari alicheka, si kwa ubaya. Mambo ya pacha hakuyajua, akasema, alisikia wafalme tu. Nilimrudishia mama jibu. Akafikiri, akasema, "Basi wale bantu banakosa kitu moja." Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi kumsikia akilisifu daraja letu.

Baba akageuza kichwa pale mlangoni. "Ile ya motokari," akaniuliza, "walisema balijenga kandokando?"

"Kandokando, baba. Yote mbili inasimama."

 Nilimwona anapima, kwa macho, kama alivyokuwa akipima kazi. "Kwetu vilevile nafasi ilikuwako," akasema. "Yetu ya mbao ilikuwa chini, ile ya kamba ilikuwa juu. Haikuzuia kitu. Hakuna mutu aliuliza kama inazuia."

"Weye ulikuwa pale," mama akasema.

Alikufa mvua zilipokaza, kifua kilekile. Daktari wa wanaume alijitahidi, siwezi kumlaumu. Watu wa reli walikuja kwa wingi, maana alikuwa msimamizi mzuri, hakupiga watu wala hakula posho zao. Wanawake walimzunguka mama mkekani, wakalia wakamtazama, wakalia tena wakamtazama. Mimi nililia. Nilishangaa kuona ninavyolia, mtu niliyemkasirikia hivyo, kamasi na machozi na sauti inatoka yenyewe. Mama aliketi katikati yetu akiwa ameshika mikono yake magotini, macho makavu kabisa, na ndani ya blauzi yake, kifuani, nilijua kinyago kimo.

Mke wa karani mmoja, mgeni wa Kasai, alimgusa bega. "Mama, ulie. Ni bwana yako. Watu wanaangalia."

"Machozi yangu iko kule kwa daraja," mama akasema. "Kapita njo alikata."

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayeelekeza mtu mahali pa kuchota maji. Yule mke wa karani akaondoa mkono begani. Nje vijana wa kikosi chake walikuwa wanapigilia misumari ya sanduku, haraka na vizuri, kama alivyowafundisha. Mama aliinua kichwa akasikiliza mpaka msumari wa mwisho.